Njia za Baiskeli Kati ya Miji: Za Kwenda Kazini au za Kutazama Mandhari?



Baiskeli si chombo kigeni katika Wilaya ya Moshi. Alfajiri hushusha ndizi kutoka vijiji vya mlimani, huwapeleka vibarua kwenye mashamba ya miwa ya Arusha Chini, na humfikisha mwanafunzi katika shule iliyo mbali na kitongoji chake. Baadaye mchana, baiskeli nyingine zenye gia nyingi na matairi mapana hupita zikiwa na wageni waliokuja kuutazama Mlima Kilimanjaro. Makundi hayo mawili hutumia chombo kimoja, lakini hayatafuti njia moja. Kwa sababu hiyo, halmashauri yoyote inayokusudia kuunganisha miji yake kwa njia za baiskeli haina budi kujibu swali moja kabla ya kupima mita ya kwanza: njia hiyo ni ya nani?

Anayekwenda kazini huhesabu dakika. Mwendesha baiskeli wa kawaida, penye tambarare, huenda kilomita 15 hivi kwa saa. Safari ya kilomita 6 humchukua dakika 24. Njia ikizungushwa ili ipite kando ya mto na chini ya miti, ikawa kilomita 9, safari hiyo huwa dakika 36. Kwenda na kurudi, anapoteza dakika 24 kila siku. Kwa juma lenye siku 6 za kazi, ni zaidi ya saa 2. Mtu huyo hataifuata njia hiyo hata ikitiwa lami na kupambwa kwa maua. Atarudi barabara kuu, kwenye ukingo wa lami, ubavuni mwa malori na mabasi. Hapo fedha za umma zitakuwa zimetumika, na aliyekuwa hatarini amebaki hatarini.

Anayetembea kwa kujiburudisha hana shida na mzunguko, kwa kuwa safari yenyewe ndiyo haja yake. Anahitaji utulivu, kivuli, mahali pa kupumzika, maji ya kunywa na vibao vinavyomwelekeza. Njia ya changarawe iliyoshindiliwa vizuri humtosha, na haimlazimu kupita usiku. Wa kazini, kinyume chake, anahitaji uso laini usiogeuka tope wakati wa masika, makalavati yasiyobomoka, vivuko salama kwenye makutano, na mwanga pale zamu inapotoka jioni.

Nchi zilizotangulia katika jambo hili zimeacha mafunzo. Nchini Uingereza, njia ya Bristol hadi Bath, yenye urefu wa kilomita 21 hivi, ilijengwa kati ya mwaka 1979 na 1986 juu ya tuta la reli iliyokuwa imeachwa. Njia hiyo hutumiwa na wafanyakazi na watembezi pia, kwa sababu reli huenda moja kwa moja na haipandi kilima kwa ghafla. Lakini mtandao wa taifa uliokua kutokana na mwanzo huo haukufanikiwa kila mahali. Mwaka 2020 karibu robo yake iliondolewa au kubadilishiwa hadhi, hasa sehemu zilizopita kwenye barabara zenye magari mengi na ya kasi. Mstari uliochorwa kwenye ramani haukuwa kinga kwa mpita njia.

Denmark na Uholanzi zilianza kwa kumfikiria msafiri wa kila siku. Mwaka 2012 ilifunguliwa njia kati ya Copenhagen na Albertslund, ikiwa ya kwanza katika mpango ambao halmashauri jirani zilikubaliana kujenga kwa viwango vinavyofanana, ili njia isikatike mpakani. Mwaka 2015 Uholanzi ilifungua njia ya kilomita 16 hivi kati ya Arnhem na Nijmegen. Siku za mapumziko, watu wa matembezi nao huitumia njia kama hiyo. Fundisho ni kwamba njia nzuri ya kazini humpokea mtembezi bila taabu, ila njia ya matembezi mara chache humfaa mwenye haraka.

Mafunzo hayo hayawezi kuhamishwa yalivyo. Reli ya Tanga hadi Moshi bado ina kazi yake, hivyo tuta lake si la kuazimwa. Tena ardhi ya Moshi ina maamuzi yake. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali lango la Marangu liko juu ya mita 1,800. Mtu mwenye mzigo huanza kushuka na kuisukuma baiskeli pale njia inapopanda zaidi ya mita 5 kwa kila mita 100 kwa mwendo mrefu. Kwa hiyo uelekeo wa Arusha Chini na Kahe, wenye tambarare, unafaa kwa safari za kila siku, na vilevile ukanda wa kuelekea Himo. Miteremko ya Kibosho, Uru na Marangu inafaa zaidi kwa matembezi, hasa kando ya mifongo ya asili, ambayo wazee waliichimba kwa kufuata mwinamo mdogo ili maji yatiririke taratibu. Hata hivyo, mfongo ni mali ya wanaoutumia kumwagilia. Njia haiwezi kupita hapo pasipo ridhaa yao.

Wapo watakaosema kwamba mgeni huleta fedha na kibarua haleti, hivyo njia ya mandhari itangulie. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa maana utalii ni riziki ya kaya nyingi za mlimani. Lakini njia ya mandhari inaweza kuanza kwa gharama ndogo: vibao, changarawe, ngazi zilizorekebishwa na makubaliano ya vijiji. Njia ya kazini haina mkato wa namna hiyo, na kuichelewesha hulipiwa kwa majeraha na maisha ya watu. Fedha kubwa ya ujenzi iende kwanza mahali ambapo watu tayari wanaendesha baiskeli katikati ya hatari.

Nafasi ya kujenga ipo katika sehemu nyingi. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Barabara hizo ziko chini ya TANROADS, na za wilaya ziko chini ya TARURA. Kwa hiyo halmashauri hulazimika kukaa nazo mezani mapema, kabla ya michoro kukamilika. Njia ya kupishana inahitaji upana wa mita 2.5 hadi 3, ili guta lenye mzigo lisimsukume mwanafunzi mtaroni. Nguzo fupi kwenye maingilio huzuia magari, japokuwa bodaboda hupenya. Hao huzuiwa kwa usimamizi wa kijiji. Wafanyabiashara wadogo waliopanga bidhaa ndani ya hifadhi nao watengewe mahali kabla ya kuondolewa, la sivyo watarejea juu ya njia yenyewe.

Yote hayo huanzia kwenye mkutano wa kijiji, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha hufika Baraza la Madiwani. Hoja yenye takwimu husikilizwa kuliko malalamiko. Kijiji kinaweza kuweka watu wawili kwenye njia panda, kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, siku ya kawaida na siku ya soko. Waandike idadi ya baiskeli, uelekeo wake, wanawake wangapi, wanafunzi wangapi, wenye mizigo wangapi, na mahali ambapo ajali au kunusurika hutokea. Daftari hilo likiambatanishwa na muhtasari wa mkutano, kamati ya kata itaona kwa hesabu ni njia ipi inayosubiriwa na watu wengi zaidi.