INJINI IMENYAMAZA, SISI TUSINYAMAZE

(Hotuba iliyosomwa kwa madereva, matanboi na mafundi wa malori katika mkutano wa wanachama, Lambwe. Imechapwa hapa kwa maombi ya wengi.)



Halmashauri imetuomba tuseme machache juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amelisikia, au tuseme, ambalo kila mmoja wetu ameacha kulisikia. Jambo lenyewe ni mngurumo wa lori.

Zamani lori likipanda ukingo wa Kanyamwa na shehena yake, watu wa bondeni na watu wa juu walilisikia pamoja. Mama wa chai alitia maji zaidi katika sufuria. Watoto walitaja jina la dereva kabla hawajaona taa zake. Siku hizi lori jipya hupanda kutoka Lambwe na miwa hadi juu ya mbao, na mwenye baiskeli hushtuka liko mgongoni pake. Halikohoi, halitoi moshi mweusi, wala halimwombi dereva abadili gia mara saba.

Sisi tunaofanya kazi hii hatuna budi kujiuliza: nguvu hii mpya imemletea nani faida, na imemwongezea nani hatari?

Kwanza na tuseme matajiri wetu wameipokea vipi injini hii, maana wao ndio waliotoa fedha.

Wako wasioiamini. Wao husema injini isiyonguruma haina nguvu, ya zamani ilikuwa dume. Tumemwona mmoja aliyemwambia fundi akate sailensa ili lori jipya lilie kama lile la kwanza. Huyu tunamkumbusha maneno ya wazee: debe tupu haliachi kuvuma, na simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Wako wanaoiogopa. Injini ya kale fundi aliitega sikio, akaweka ncha ya bisibisi juu ya kifuniko na mpini sikioni, akasema, "Silinda ya tatu." Injini ya leo inataka kompyuta, na kompyuta haiko Lambwe. Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikiwaka, tajiri huona deni la benki likiwaka. Tusimcheke. Wengi wa matajiri wetu si watu wakubwa. Ni mwalimu mstaafu, ni mjane mwenye duka, ni dereva wa zamani aliyejinyima miaka ishirini. Lori ni lake kwa jina, lakini bado ni la benki kwa miaka minne.

Wako pia waliopotewa na masikio. Mmoja alituambia kwamba alizoea kukaa barazani usiku na kulisikia lori lake likipanda, naye alijua kwa sauti tu kama limepakia au ni tupu. Sasa hasikii kitu, na kwa hiyo hampi dereva nafasi ya kupumua: humpigia simu kila nusu saa. Amefunga na kile chombo cha kuonyesha lori liko wapi na linakwenda mwendo gani. Chombo hicho ni kizuri, lakini hakimwambii kama breki zimepata moto.

Na wako, nao ndio wengi, walioipenda mno. Hao ndio wanaotutia wasiwasi. Wanasema, "Hili halijasikia mzigo. Ongezeni."

Basi tuone nguvu hii yatoka wapi.

Leyland ya lita 11 ya miaka ya 1960, ile ya silinda sita, ilitoa nguvu za farasi 200 hivi. Leo injini ya Isuzu ya lita 5.2 na silinda nne tu hutoa karibu 190. Nusu ya ukubwa, na nguvu karibu zile zile! Si uchawi. Moshi unaotoka hauachwi uende bure. Huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, ile tabo, nayo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta yanaweza kuchomwa zaidi. Mtu wa kwanza kupewa hati ya wazo hili alikuwa Mswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Wazo ni la kale, lakini kulifikisha katika lori la mtu wa kawaida kumechukua miaka mingi.

Na ukimya je? Dizeli ya zamani ilipiga kelele kwa sababu mafuta yaliingia yote kwa pamoja yakalipuka kwa kishindo. Ni kama mtu anayemwagia jiko mafuta ya taa kikombe kizima kisha atupe kiberiti. Injini ya leo huongozwa na kompyuta. Kwanza hudondosha tone dogo, moto ushike taratibu, ndipo mafuta mengine hufuata. Wajapani wa Denso waliitia namna hii ya pampu katika lori mwaka 1995, na baadaye dunia yote ikafuata. Huko Ulaya sheria nayo ilisukuma: mwaka 1970 lori kubwa liliruhusiwa kelele hadi desibeli 91, na kufikia mwaka 1996 kiwango kikashushwa hadi 80. Katika hesabu za sauti, kushuka desibeli kumi ni kupunguza nguvu ya kelele mara kumi.

Ndugu, asije mtu akasema chama kinapinga maendeleo. Hatutaki injini za zamani zirudi. Wazee wetu walioziendesha leo husikia kwa shida. Kanuni za kelele za mwaka 2005 za nchi yetu zinakataza mfanya kazi kukaa katika kelele ipitayo desibeli 90 kwa saa nane, na wao walikaa humo miaka thelathini bila mtu kuwapimia. Tena mwezi wa Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani. Injini yenye kelele kidogo na moshi kidogo ni rafiki wa mfanya kazi. Tunaipokea kwa mikono miwili.

Lakini rafiki huyu ana kasoro moja ambayo muuzaji haitaji. Nguvu yake ni ya kupanda. Si ya kushuka.

Kila dereva anajua kwamba katika mteremko breki ya kwanza ni injini yenyewe. Ukiiweka katika gia ndogo ukaondoa mguu, injini inageuka pampu, inavuta hewa na kuibana, na lori linazuiwa. Injini kubwa ya lita 11 ilibana hewa nyingi, ikashika kama ng'ombe aliyekataa kwenda. Injini ya lita 5 inabana hewa kidogo. Tabo inayomsaidia dereva kupanda haimsaidii hivyo anaposhuka. Ndiyo maana watengenezaji wameweka breki ya ekzosi, ile inayoziba njia ya moshi. Nayo ikiharibika, wangapi kati ya matajiri wetu huitengeneza? Wanasema lori linakwenda hata bila hiyo. Ni kweli linakwenda. Kusimama ndiyo taabu.

Tena zamani sikio lilimwonya dereva. Lori likianza kukimbia mteremkoni injini ilipiga kelele, tanboi akaamka, abiria wa kuombaomba akashika mbao. Leo lori linaongeza mwendo kimya kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tutatoa mfano mmoja, bila jina la mtu. Mwenzetu alikabidhiwa lori jipya la ekseli mbili kushusha saruji bondeni. Shehena ilikuwa imetimia. Tajiri akalisikiliza lori, akatabasamu, akasema, "Hata halihemi." Akaongeza mifuko arobaini. Mifuko arobaini ya kilo 50 ni tani mbili. Kupanda vilima vya kutoka mjini lori halikulalamika. Katika mteremko wa Kanyamwa breki zikatoa moshi, kisha kanyagio likazama. Mwenzetu alikuwa na akili timamu: aliliegemeza lori kwenye ukuta wa udongo upande wa mlimani, likasuguana nao hadi likasimama. Hakufa mtu. Tanboi alivunjika mkono. Tajiri alipopiga simu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Injini iko salama?"

Ndiyo, injini ilikuwa salama salimini.

Sheria haipimi mzigo kwa sauti ya injini. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mizigo ya magari inahesabu ekseli. Lori la ekseli mbili lisizidi tani 18, uzito wa lori lenyewe ukiwa ndani yake. La ekseli tatu lisizidi tani 26. Farasi wawe 100 au 400, hesabu ni ile ile, kwa kuwa breki, springi, tairi na daraja havikuongezewa farasi.

Jambo la pili ni mafuta. Pampu ya kale ilivumilia mengi. Katika injini mpya mafuta husukumwa kwa kani ya zaidi ya mara 1,600 ya hewa inayotuzunguka, yakapita katika vitundu vyembamba kama unywele. Tone la maji au mchanga wa debe huua nozeli, na nozeli moja yaweza kula mshahara wa miezi. Hata hivyo yuko tajiri anayemwambia dereva, "Chukua ya jerikeni, ni rahisi." Nozeli zikifa, yeye yule hukata mshahara wa dereva.

Ndugu, lishikeni neno hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyotokea kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi! Kununua mafuta uliyoagizwa kununua si makusudi yako. Na hata pale makato yanaporuhusiwa, yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara. Mwenzetu mwingine alikatwa miezi minne. Chama kilipokwenda kwa tajiri na karatasi ya sheria mkononi na ujumbe wa simu uliomwagiza jerikeni, fedha zilirudi. Hazikurudi kwa kelele, zilirudi kwa ushahidi. Basi wekeni ujumbe, wekeni risiti.

Haya ndiyo tunayowaomba matajiri, nanyi wanachama mtuunge mkono:

1. Mzigo upimwe kwa ekseli, usipimwe kwa sikio la tajiri. Dereva atakayekataa tani za ziada asifukuzwe.

2. Breki zikaguliwe kabla ya msimu wa kukata miwa na kila baada ya muda utakaokubaliwa, na breki ya ekzosi itengenezwe kama inavyotengenezwa injini.

3. Mafuta yanunuliwe kituoni kwa risiti, na chujio la maji limwagwe kila asubuhi. Hilo la mwisho ni kazi yetu wenyewe, tusilikwepe. Vile vile tusizime injini ghafla baada ya kupanda. Tuiache ipumue dakika chache, tabo ipoe.

4. Mafundi wetu wapelekwe kujifunza kompyuta za injini. Sikio la fundi lina miaka thelathini ya elimu. Si haki litupwe kwa kukosa mafunzo ya majuma machache.

5. Lori likimaliza safari mapema na kwa mafuta machache, sehemu ya akiba hiyo iingie katika malipo ya dereva na tanboi. Isigeuzwe kuwa safari ya nne ya usiku.

Nanyi mkumbuke Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, ni wajibu wake kumwarifu msimamizi, na msimamizi hana ruhusa ya kumrudisha katika hatari hiyo kabla haijaondolewa. Na yule tanboi aliyevunjika mkono, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inamlinda. Fidia yake ni haki, si sadaka. Chama kinaifuata.

Ndugu, zamani injini ilituzungumzia. Ilipochoka ililia, na tajiri akasikia mpaka barazani kwake. Leo injini haimwambii tena kitu. Mzigo ukizidi, hailalamiki. Breki zikiisha, haipigi kelele. Kazi ya kusema imebaki kwetu sisi tulio ndani ya kabini. Kesho alfajiri, kabla hamjawasha, zungukeni lori, kagueni breki, hesabuni mzigo. Usipotimia sawa, semeni. Na mmoja akisema, wengine wote wasimame naye.