Mti Mkongwe Huokolewa Barabara Ikiwa Bado Mchoro

Hotuba kwa wakaazi kuhusu ujenzi wa barabara na utunzaji wa miti ya kale



Kando ya Waiyaki Way, mtaani Westlands jijini Nairobi, umesimama mugumo unaokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 100, mrefu kama jengo la ghorofa nne. Mwaka wa 2020 mti huo ulijikuta katika njia ya Nairobi Expressway, barabara ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ilipangwa uondolewe. Watetezi wa mazingira na wananchi wa kawaida wakapaza sauti. Mnamo Novemba mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta alitoa amri kwamba mti huo uhifadhiwe kama urithi wa utamaduni na mazingira. Barabara ilifunguliwa kwa magari mwaka wa 2022, na mugumo ukabaki.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba barabara na mti si maadui. La pili ni chungu zaidi: mugumo huo ulinusurika dakika za mwisho, tena kwa amri ya Rais. Miti mingine mingi kwenye njia ya barabara hiyohiyo ilikatwa. Si kila mti wa sokoni au wa uwanja wa baraza utakaopata amri kutoka Ikulu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mti wa miaka 100 ukishaanguka, hakuna ukuta wa kujenga.

Wapo wanaouliza: kwa nini kelele zote hizi kwa mti mmoja, na miche ipo tele? Kwa Wakikuyu, mugumo ulikuwa mahali pa sala na kafara, na kuukata ulikuwa mwiko. Kwa Wamijikenda, misitu ya kaya ni makao ya mababu, na UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2008. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004, alisimulia jinsi mamake alivyomkataza kuokota kuni kwenye mugumo uliokuwa karibu na kwao. Karibu na mti huo palikuwa na kijito. Miaka mingi baadaye alikuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Mwiko wa wazee ulikuwa umelinda maji ya kijiji. Mche unaopandwa leo ni jambo jema, lakini hautafanya kazi hiyo kesho.

Sheria iko upande wa mwananchi. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kulinda mazingira, na ifikishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Nayo sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inataka miradi mikubwa, zikiwemo barabara kuu, ifanyiwe tathmini ya athari za mazingira na kupata leseni ya NEMA kabla ya kazi kuanza.

Hapo ndipo penye nafasi ya mkaazi. Tathmini inapofanywa, maoni ya umma hutafutwa. Asiyehudhuria kikao leo atalia tingatinga likifika. Anayehudhuria asiseme tu kwamba anapenda miti. Aseme ni mti gani, uko wapi, wazee wanasimulia nini juu yake, na nani hutumia kivuli chake. Maoni hayo yaandikwe na kuwasilishwa, na mwenye kuyaleta abaki na nakala.

Mhandisi naye, akijulishwa mapema, ana njia kadhaa. Anaweza kupinda barabara kidogo, kuhamisha mtaro, au kuuacha mti katikati ya njia mbili. Lakini kuliacha shina pekee hakutoshi. Mizizi ikikatwa na ardhi yote kufunikwa kwa lami, mti hukauka polepole, na watu husema umekufa kwa uzee. Yote haya ni rahisi kwenye mchoro. Mkandarasi akishaanza kazi, kila mabadiliko huwa gharama na ucheleweshaji, na mti ndio hupoteza.

Kila wadi ina mti ambao wazee huutaja wanapoelekeza njia. Mti huo uandikwe sasa, kabla mtu wa vipimo hajaweka kigingi chake cha kwanza.