Kulungu wa Pua Nyekundu na Kirangozi wa Unyanyembe



Nimeombwa nizungumzie vitabu vya katuni. Nimechagua kiumbe mmoja, Rudolph, kulungu wa nchi za theluji ambaye pua yake nyekundu humwangazia njia Baba Krismasi usiku wa ukungu. Wengi hudhani ni wa kale kama Noeli yenyewe. La hasha. Alizaliwa Chicago mwaka 1939, mezani pa mwandishi wa matangazo.

Montgomery Ward ilikuwa kampuni ya maduka iliyozoea kununua vijitabu vya watoto na kuwagawia wateja bure kila Krismasi. Mwaka huo iliamua kutengeneza chake ili ipunguze gharama, ikamkabidhi kazi Robert L. May. Utotoni May alikuwa mdogo wa umbo na mwenye haya, akijua kutengwa ni nini. Ndiyo maana kulungu wake huchekwa na wenzake kabla hawajamhitaji. Katikati ya kazi hiyo, Julai 1939, mkewe Evelyn alifariki kwa saratani. Mkuu wake alitaka kumpunguzia mzigo, May akakataa, akaimaliza hadithi. Kulikuwa pia na wasiwasi kuhusu ile pua, kwa kuwa kwa Wamarekani pua nyekundu ilikuwa alama ya mlevi. May akaenda na mchoraji Denver Gillen kwenye bustani ya wanyama ya Lincoln Park, michoro ikapatikana, wasiwasi ukaisha. Krismasi hiyo ziligawiwa nakala milioni 2.4. Mwaka 1947 kampuni ilimrudishia May haki za hadithi yake, na miaka miwili baadaye mwimbaji Gene Autry akaurekodi wimbo wa Rudolph unaojulikana hadi leo.

Nasi tunafika kwenye katuni. Mwaka 1950 kampuni tunayoiita leo DC Comics ilitoa kitabu cha kwanza cha katuni cha Rudolph, kikichorwa na Rube Grossman, ikaendelea kutoa kimoja kila mwaka hadi 1962. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito. Kijitabu cha May kilikuwa na usiku mmoja tu: kulungu anachekwa, anaitwa, anaokoa safari, basi. Kitabu kinachorudi kila Desemba kinadai visa vipya, na mhusika wa tangazo akalazimika kuwa na maisha.

Hata Baba Krismasi alipitia mkono wa wachapaji. Thomas Nast alimchora katika gazeti la Harper's Weekly mwanzoni mwa 1863, amevaa koti la nyota na mistari ya bendera ya Marekani, akiwagawia zawadi askari wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1940 maduka yaligawa kitabu ambamo Superman anakutana naye. Sikukuu hupewa sura na yule mwenye mashine ya kuchapa, karatasi ya bei nafuu, na akili ya kuitoa kwa wakati wake.

Sisi je? Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia hapa Tabora hadi Ujiji ilikuwa na sikukuu zake. Wasafiri Stanley na Livingstone walikula Krismasi ya 1871 huko Ujiji, chakula chenyewe kikiwa kimeharibiwa na mpishi Ferajji, kisha Februari 1872 wakafika Kwihara, si mbali na mji huu. Mashine nazo tulikuwa nazo. Mwaka ule ule wa 1950 gazeti la Kiongozi lilianza kuchapwa hapa Tabora na mapadri. Na kwamba mhusika wa kuchorwa anaweza kuingia mioyoni mwa Watanzania, Chakubanga wa Christian Gregory alikwisha kuthibitisha katika gazeti la Uhuru.

Sura tunayoitafuta kwa sikukuu yetu wenyewe ipo. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze ya Unyanyembe, yaani hapa Tabora, Novemba 1857, alimweleza kirangozi wa msafara: joho jekundu lenye tundu la kupitisha shingo, ngozi ya mbega kichwani na mabegani, manyoya ya bundi au ya korongo taji yamesimama juu. Ndiye aliyetangulia na bendera, wapagazi wakimfuata na pembe za ndovu au marobota ya vitambaa vya merikani. Wapagazi wa Kinyamwezi walisafiri kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, wakarudi mvua za kulima zikikaribia. Na wakiwa njiani walijenga utani na Wazaramo unaoendelea hadi leo.

Sasa angalieni kalenda. Nane Nane, sikukuu yetu ya wakulima, huangukia majira yale yale. Watoto hufurika viwanja vya Ipuli kutazama ng'ombe, matrekta na mizinga ya nyuki, wakarudi nyumbani bila ukurasa hata mmoja wa hadithi yao. Mzigo wa wapagazi ulikuwa mzito, na wengi walifia njiani; msanii atakayemchora kirangozi asifiche hilo. Lakini asimnyime joho lake, wala ulimi wa utani.

Wanafunzi wa sanaa, naomba mumchore. Wazee, wapeni visa mlivyosimuliwa na babu zenu. Nanyi wafanyabiashara wa tumbaku na asali, lipieni uchapaji wa kurasa 16, mzigawe bure pale Ipuli Nane Nane ijayo, kisha mchape toleo jipya kila mwaka.