Ukisubiri jibu la chuo

Msikilizaji uliyeomba shahada ya uzamivu Marekani, maombi mengi hufungwa Desemba, na majibu huanza kutoka Januari hadi Machi. Ni miezi mirefu, najua, mtu anaamka usiku wa manane kuchungulia barua pepe. Hakikisha barua za wadhamini wako zimefika. Wakumbushe kwa adabu walimu waliokubali kukuandikia.

Ukipewa nafasi yenye ufadhili, usiharakishwe. Vyuo vilivyotia saini azimio la Baraza la Shule za Uzamili la Marekani vinakupa hadi Aprili 15 kuamua. Aliye kwenye orodha ya akiba mara nyingi huitwa karibu na tarehe hiyo, wengine wanapokataa. Kwa hiyo ukiwa na nafasi mbili, achia moja mapema: kuna mwenzako anaingoja.