Mtoto Anayekataa Chakula
(Maneno tuliyowaambia wazazi katika ukumbi wa parokia, baada ya Misa ya pili)

Tunashukuru mmebaki, na tunajua wengine hamjanywa hata chai, kwa hivyo hatutakuwa warefu.

Mama mmoja alitujia na mwanawe wa miaka minne. "Huyu amenishinda," akasema. "Ugali hataki, mboga hataki. Mpaka nimtandike ndipo ale." Sisi, kwa vile tulisomea kazi hii, tukatoa chati yetu na kumfundisha: vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda. Mama akasikiliza kwa adabu, akashukuru, akaenda zake. Mwezi uliofuata akarudi na mtoto yule yule, na uzito kwenye kadi ya kliniki haujapanda.

Hapo ndipo tulipofanya lile tulilopaswa kulifanya kwanza. Tulienda kwake jioni, tukaketi. Saa kumi na moja mtoto alipewa kikombe kikubwa cha chai na mandazi mawili. Saa moja chakula kilikuwa tayari: ugali, kunde na omena, chakula kizuri kushinda cha wengi wetu. Lakini hakikupakuliwa, maana baba hajafika. Alifika saa tatu. Mtoto alikuwa ameshalala mkekani. Akaamshwa, akawekewa ugali mbele yake, na mwiko ukawekwa kando. Jamani, nani kati yetu angekula?

Chakula hakikuwa na kosa, wala mtoto hakuwa mkaidi. Tumbo lake ni dogo, na likijaa chai na mandazi njaa inakwisha. Tena chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua vizuri madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe, na hayo ndiyo husaidia kutengeneza damu.

Tulikubaliana hivi na mama: chai ya jioni iondoke, mtoto akilia njaa apewe ndizi, watoto wapakuliwe saa moja, mwiko ubaki jikoni. Kazi ya mzazi ni kupika, kuweka saa ya kula na kuketi na watoto. Kiasi gani kiingie tumboni, hilo mwachieni mtoto. Akisema ameshiba, ondoa sahani bila maneno. Chakula kipya ni kama mgeni, anaweza kukikataa mara kumi kabla ya kukizoea. Managu ni machungu, basi yachanganyeni na terere, mtie maziwa. Omena toeni vichwa, kwa maana wapo watoto wanaoogopa yale macho, msicheke! Na mpeni mtoto kazi ya kuchambua mboga. Aliyechambua hutaka kuonja.

Kuna neno akina baba hawapendi tuliseme, lakini tutalisema. Katika nyumba nyingi baba anakula sebuleni na nyama iko kwake, watoto wako jikoni na moshi. Mtoto hujifunza kula kwa kumtazama anayekula. Sasa huyu atamtazama nani? Na pale watoto watano wanapokula sahani moja, mdogo mpeni yake, maana anayetafuna polepole huachwa na sahani tupu.

Lakini si kila anayekataa chakula anachagua. Homa, vidonda vya mdomo na minyoo huondoa hamu. Mkiona uzito unashuka, miguu inavimba, au nywele zinabadilika rangi, msingoje sisi, nendeni kliniki siku hiyo hiyo. Hata kama mtoto ni mzima, vitamini A hutolewa kila miezi sita kuanzia miezi sita mpaka miaka mitano. Ulizeni pia habari ya dawa ya minyoo.

Mama yule tumemtembelea tena. Mtoto anaongezeka, ingawa kidogo kidogo, na kunde bado anazisukuma pembeni mwa sahani. Baba bado anachelewa siku za kazi, chakula chake kinafunikwa. Jumapili wanakula pamoja, na tuliambiwa kwamba mtoto ndiye anayemwambia baba yake anyamaze, watu wanataka kubariki chakula.