Watoto Wetu Kabla ya Kuingia Nasari
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi na akina mama wa Soko la Toi)



 Tulipokuwa njiani kuja hapa, ndugu wawili walitucheka wakasema, "Ninyi watu wa gangi la reli mnajua nini juu ya watoto wadogo? Hiyo si kazi ya waalimu na ya mama zao?" Tuliwajibu hivi: chama hiki hudai mishahara, na mshahara ukisha kupokewa, sehemu kubwa huingia katika karo. Mtu anayelipa karo ana haki ya kujua ananunua nini. Tena sisi si wataalamu. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, tukaishia hapo, tukashika nyundo. Twasema yale tuliyoyaona kwa macho, na yale tuliyoambiwa na mwalimu mmoja mzee wa nasari ambaye hakutaka jina lake litajwe.

Soko hili mwalijua kuliko sisi. Mwanzoni mwa mwaka 2008 liliporwa na kuchomwa katika fujo za baada ya uchaguzi, na siku zile zile reli ya Kibera iling'olewa. Mwezi wa Oktoba 2024 likaungua tena usiku. Katika nyumba yetu, mama wa watoto ana meza ya viatu vya watoto hapa Toi. Baada ya moto ule wa pili alianza upya kwa deni, wala hapakuwa na pesa za kumlipa mtu amtunze mtoto. Basi binti yetu mdogo, aliyekuwa na miaka mitatu na nusu, akawa anashinda chini ya meza pamoja na watoto wa majirani. Wengi wenu mwaijua nyumba hiyo ya chini ya meza.

Hata hivyo tulijivuna. Mtoto yule alikuwa anaimba herufi zote kwa Kiingereza tangu A hata Z, na kuhesabu mpaka hamsini. Jioni tulipotoka kazini tulimsimamisha juu ya kiti mbele ya wageni, akaimba, wageni wakapiga makofi. Tukaona amekwisha kuwa tayari kwa nasari.

Desemba hiyo hiyo, siku ya Jumamosi, soko likiwa limejaa watu wanaonunua nguo za Krismasi, mtoto akapotea. Tangu saa nne asubuhi hata saa tisa mchana. Tuliitwa kwa simu tukiwa kazini, na mambo ya saa zile hatutayaeleza. Aliye mzazi atayajua bila kuambiwa.

Alikuwa amefuata watu mpaka upande wa Ngong Road. Mama mmoja mchoma mahindi alimwona analia, akamketisha karibu na jiko lake, akamwuliza, "Waitwa nani?" Akajibu, "Bebi." "Na mama yako?" "Mama Bebi." "Na baba?" "Baba." "Mnakaa wapi?" "Nyumbani." Kisha, kwa kuwa alizoea kwamba mtu mzima akiuliza maswali hutaka kusikia wimbo, akaanza kuimba A, B, C. Mama yule alituambia baadaye, wala hakusema kwa ubaya: "Mtoto wenu ana akili sana. Aliniimbia mpaka mwisho. Lakini hana jina."

Ndugu zangu, neno hilo lilituingia.

Tena sikilizeni alivyopatikana. Mama yule alifikiri kidogo akabadili swali, akamwuliza, "Mama yako hufanya nini?" Mtoto akasema, "Anauza viatu. Vidogo. Vya kufunga." Basi yule mama akamwachia jirani jiko lake, akamshika mtoto mkono, akapita naye katika safu za viatu vya watoto, meza kwa meza, mpaka mtoto akaiona meza yao. Mambo ya viatu hakuna aliyemfundisha kwa kusudi. Aliyajua kwa kuwa kila siku mama yake alimwagia gunia la viatu chini, akamwambia atafute wenzi, wa kushoto na wa kulia.

Alipotimiza miaka minne tulimpeleka shule moja ya kulipia, jina tuliache. Wakampa kalamu na karatasi, wakamwambia aandike jina lake, kisha asome maneno ya Kiingereza ubaoni. Akachora mistari. Tukaambiwa mtoto hajui kitu, labda tulipie masomo ya ziada kwanza. Tukatoka tumeinamisha vichwa kama watu waliokosa. Hatukujua wakati ule kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani ili apokewe. Mtihani unaruhusiwa tu kwa kujua awekwe darasa gani. Hatukujua pia kwamba sheria hiyo hiyo inakataza kumpiga mtoto shuleni, maana hata hilo wako wazazi wanaoliomba, ati ili mtoto ashike kalamu upesi.

Ndipo tukamwendea mwalimu mzee tuliyemtaja. Alituuliza maswali ya kwake. Mtoto huyu akitaka haja aweza kusema? Aweza kushusha nguo na kuipandisha mwenyewe, na kunawa mikono? Aweza kula bila kulishwa? Akiambiwa mambo mawili kwa pamoja, "chukua kikombe ukiweke mezani," huyafanya yote? Aweza kukaa akasikiliza hadithi fupi mpaka mwisho? Akinyang'anywa kitu hulia, hupiga, au husema? Hakuuliza herufi hata moja. Akasema, "Herufi nitamfundisha mimi, ndiyo kazi yangu. Lakini nikiwa na watoto arubaini na kila mmoja anataka nimfungue kifungo, herufi nitazifundisha saa ngapi?"

Tuanze na jina, kwa kuwa ndilo lililotuuma. Sisi tuna adabu ya kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani, na mwanamume vivyo hivyo. Ni adabu nzuri, hatutaki iondoke. Lakini mtoto akikua hasikii jina la mama yake hata siku moja, na lake mwenyewe halisikii kwa sababu ya Bebi, Toto, Kadogo na mengine ya namna hiyo. Afundishwe majina yake kamili, jina la mama, jina la baba, na mahali anapokaa kwa alama asizoweza kukosa: Makina karibu na msikiti, au Kawangware nyuma ya bohari ya makaa, na kadhalika. Tena namba ya simu. Namba ya simu ina tarakimu kumi, na mtoto anayeweza kuimba herufi ishirini na sita hawezi kushindwa na kumi. Sisi tuliitia katika sauti ile ile ya wimbo wa herufi, akaishika kwa siku nne. Na aambiwe wa kumpa namba hiyo: mama aliyeketi na meza yake, au askari mwenye sare, si mtu anayemwambia, "Njoo nikupeleke."

Jambo la pili ni hesabu. Mtoto wetu alihesabu mpaka hamsini, lakini tulipomwambia alete viatu vitatu, alileta alivyoweza kubeba. Sisi watu wa reli tungepaswa kujua tangu mwanzo. Mtu wa gangi hahesabu mataruma kwa wimbo. Hupita akiligusa kila moja, na akiruka moja bovu, gari moshi litamwonyesha kosa lake. (Twasema bado gari moshi, ijapokuwa moshi wa makaa uliisha zamani.) Mtoto naye aguse: kidole kimoja, kitu kimoja, neno moja. Atie vijiko vinne mezani kwa watu wanne. Akijua tano ya kweli, ni bora kuliko hamsini ya hewani. Lakini twawasihi, asipelekwe kuhesabu mataruma yenyewe! Pale Kibera nyumba zimesogea mpaka ukingoni mwa reli, na watoto hucheza juu yake. Mtoto ajue kwamba honi ikilia ni kutoka upesi na kusimama mbali, wala si kurudia kiatu kilichoanguka.

Wako wanaosema hawana vitu vya kufundishia. Mbona soko hili ni ghala la vitu hivyo? Mtumba ukifunguliwa, mpe mtoto soksi atafute pacha zake. Mpe nguo tano azipange kutoka ndogo hata kubwa, azitenge nyekundu na buluu, za mikono mirefu na za mikono mifupi. Mpe shati kuukuu afunge na kufungua vifungo mpaka achoke. Vidole vinavyofunga kifungo, vinavyomenya njegere na kusukuma donge la unga wa chapati, ndivyo vitakavyoshika kalamu siku yake ikifika. Kule Mombasa, katika miaka ya 1980, ulianzishwa mpango wa nasari katika madrasa, ambapo akina mama wa mitaa walifunzwa kuwa waalimu na vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya papo hapo, vifuu vya nazi, vifuniko vya chupa, makaratasi. Kazi ile ilienea hata Zanzibar na Uganda. Basi vifuniko vya soda si aibu. Ila vitu vidogo viangaliwe. Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, na watoto wa nasari wasirudi mpaka Januari 2021, sisi tulimfundisha mtoto wetu wa kwanza kuhesabu kwa maharagwe. Akahesabu vizuri mpaka saba, la nane akalitia puani. Tulikwenda naye zahanati usiku.

Juu ya lugha tutasema kwa ufupi. Wako akina baba wanaomkataza mtoto Kiswahili nyumbani wakidhani Kiingereza kitampeleka mbele. Kiingereza chetu sisi wa kazini ni cha amri na matusi, mtoto atajifunza nini hapo? Mtaala wa serikali wenyewe unataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapoishi, na kwetu hapa hiyo ni Kiswahili. Mwenye Kiluo, Kiluhya, Kinubi au Kikamba na atumie pia. Lililo kubwa ni mtoto kuzungumziwa, na kupewa nafasi ajibu. Tega vitendawili. Simulia sungura na fisi, kisha siku ya pili mwambie yeye akusimulie.

Sasa, ndugu wanaume. Zamu zetu ni mbaya, twajua; wengine huondoka mtoto amelala na kurudi mtoto amelala. Lakini hata aliye na zamu mbaya ana siku ya mapumziko, na nusu saa ya siku hiyo yatosha kumfundisha mtoto kuvaa viatu. Msiseme ni kazi ya mama. Mama yuko sokoni tangu alfajiri.

Tuna maombi mawili kwa tawi. La kwanza, Halmashauri iwaombe wakubwa wa kazi kwamba mfanyakazi mwenye mtoto anayeanza nasari apewe ruhusa ya asubuhi ile moja bila kukatwa mshahara. La pili, ofisi hii ya tawi hukaa tupu kila Jumamosi, mabenchi yako, maji yako. Twaomba ifunguliwe kwa watoto wa sokoni, akina mama wawili wawili wakikaa nao kwa zamu, na daftari la kuandika nani ameleta mtoto na nani amemchukua. Kwa Katiba ya mwaka 2010 nasari ni kazi ya kaunti, nasi hatutaacha kuidai kaunti, maana nasari za umma ni chache kwa wingi wa watoto wetu. Kaunti ya Nairobi ilianza mwaka 2023 kuwapa watoto wa shule za umma chakula cha mchana kwa shilingi 5, kwa hiyo yawezekana kusikilizwa. Lakini watoto wa chini ya meza hawawezi kungoja mpaka barua ijibiwe.

Binti yetu alipokewa nasari nyingine. Siku ya kwanza mwalimu alimwuliza jina lake mlangoni. Alitaja majina yake matatu, la mama yake, la baba yake, kisha akaimba namba ya simu kwa sauti kubwa mbele ya wazazi wote, mpaka tukalazimika kumziba mdomo.

Bwana Mwenyekiti, hapo ndipo tunapokoma. Mwenye swali na aulize, na akina mama walio tayari kwa zamu ya Jumamosi waandikishe majina kwa Katibu kabla ya kutoka. Majina yao wenyewe, tafadhali, si ya watoto.