Beji Haivuki Tope

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Wengi wetu tumefikia umri wa kununua gari kubwa la familia. Muuzaji hutuhimiza tuongeze fedha ili tupate lile "la njia mbaya". Je, nyongeza hiyo hulipa gari uwezo zaidi?

Mimi niliilipa. Masika yaliyofuata nilikuwa nikimtoa mama kijijini kumpeleka hospitali. Gari lilikuwa na ngao mbele, rimu nyeusi na beji; matairi yalikuwa laini, ya lami. Bondeni kwenye mpunga likakalia tumbo. Tulivutwa na pikapu kuukuu isiyo na beji yoyote, yenye matairi ya kashata. Tulichelewa saa tatu. Namshukuru Mungu, mama alipona.

Tangu siku hiyo nauliza kitu kimoja kimoja. Tazameni Marekani, ambako mtindo huu umeshamiri. Honda Pilot TrailSport ya mwaka 2023 iliinuliwa kiasi cha sentimeta 2.5, ikapewa matairi ya njia mbaya na mabamba ya chuma ya kukinga tumbo. Huo ni uwezo wa kweli, ila haina gia nzito ya kujitoa polepole kwa nguvu. Chevrolet Tahoe Z71 inayo gia hiyo, na bampa yake ya mbele imekatwa isigonge mwinuko. Lakini urefu wake unapita meta 5 na uzito wake ni takriban tani 2.5, hayo hayapunguzwi na nyongeza yoyote.

Basi jibu langu ni hili: nyongeza husaidia pale tu inapobadilisha kilicho chini ya gari. Mwenye fedha kidogo aanze na matairi, maana ndiyo yanayogusa ardhi. Kisha atazame nafasi kati ya tumbo na ardhi, kisha gia. Rangi na nembo ziwe mwisho.

Nanyi vijana, mmevaa beji ya shule hii kifuani. Itawafungulia mlango siku ya kwanza. Siku ya pili mtaulizwa mnaweza nini.